Milango ya Zahanati Ilivyonivua Nguo

"Hivi, mwenzangu, ile milango ya zahanati uliipaka rangi au uliivika?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu mshonaji asubuhi moja, mimi naanika nguo, yeye yuko upande wa pili wa ua na kikombe chake cha chai mkononi. Nikacheka. Nilidhani ni utani wake wa kila siku, maana yule mwanamke hawezi kukuamkia bila kukuchoma kidogo.

Yeye hakucheka. Alisema ametoka kumpeleka mjukuu wake kutibiwa, na watu waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wanabandua rangi milangoni kwa kucha ili kupoteza wakati. Inatoka vipande vipana kama maganda. Mtoto mmoja alikuwa amejizungushia kipande mkononi, kakifanya saa.

Shuka niliyokuwa nayo nikairudisha kwenye beseni.

Mliokuwa nami wiki zilizopita mnajua nilikotoka. Marehemu mume wangu alikuwa fundi rangi wa milango na mageti ya chuma. Alipofariki, ndugu zake walibeba kila kilichobebeka, wakaniachia brashi saba na ndoo ya kuchanganyia. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini brashi haikuniuliza cheti. Katika ukoo mzima wa marehemu ni mdogo wake mmoja tu, fundi wa kuchomelea, aliyesimama upande wangu. Yeye akawa anaunda milango, mimi napaka. Mtaani wakaniita Mama Brashi. Kisha mdogo wangu wa kike akaja kwangu na begi moja baada ya ndoa yake kuvunjika, nami nikamfundisha kazi. Miaka sita tumefanya kazi watatu, tumekula pamoja, tumesali pamoja. Na mwaka huu tukapata kazi niliyoiombea kwa magoti: milango kumi na mmoja ya nje ya zahanati.

Ngoja nieleze kidogo, maana asiyejua mlango wa chuma unavyopakwa hawezi kuona nilivyoumizwa.

Chuma kikitoka dukani kina mafuta. Huyaoni, ila ukipitisha kidole kinateleza. Lazima ukisugue kwa msasa, ukifute kwa kitambaa chenye thina ya kuyeyushia rangi mpaka kitambaa kitoke safi. Halafu unapaka praima, ile nyekundu ya kuzuia kutu, unaiacha ilale mpaka kesho. Hapo ndipo rangi yenyewe ya mafuta inapoanza, mara mbili, nyembamba, asubuhi kabla jua halijaugeukia mlango. Mlango ukishapata moto usiuguse. Rangi itakauka juu na chini ibaki mbichi, na wewe utajisifu bure.

Hata kuchagua rangi kulikuwa na maneno. Kamati ya zahanati ilitaka buluu iliyokolea, wakisema inaficha uchafu. Niliwaambia milango saba inatazama jua la mchana, na buluu nzito italivuta joto lote, mlango utavimba na rangi itachoka kabla ya mwaka. Nikawashauri kijivu cheupe. Msimamizi wa zahanati, mama mmoja muuguzi mstaafu anayening'iniza miwani kwa kamba, alinitazama muda mrefu kisha akasema basi tumsikilize fundi.

Nilitembea siku ile kama niliyevishwa taji.

Sasa nikasimama mbele ya mlango wa chumba cha dawa, na kijivu changu kimening'inia kama shati lililochanika. Mlango wa pili vilevile. Wa tatu ndio mbaya zaidi. Chini yake chuma kilikuwa kimeanza kutoa madoa ya kutu, na kazi haijatimiza miezi miwili.

Msimamizi alitoka akanikuta hapo. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema kamati itakaa Ijumaa asubuhi. Alisema wanajenga wodi ya wazazi na walikuwa wamekwisha kuandika jina langu kwa milango yake yote. Tena akasema jambo moja nililolibeba moyoni wiki nzima: kwamba nije na watu wangu wote waliogusa ile milango, na niiambie kamati ni mkono wa nani ulioharibu. Mkono huo hautagusa tena mlango wa zahanati. Nisipomtaja, basi hautagusa mkono wowote wa nyumba yangu, na watawaeleza wote wanaouliza.

Kila mwenye mlango mjini huuliza zahanati. Nilielewa.

Niliomba kigoda. Wauguzi walishangaa, lakini mimi nilijua ninachotafuta. Marehemu alikuwa na desturi yake. Kila mlango alioupaka, aliacha alama kwenye ukingo wa juu kabisa, pale ambapo hakuna mtu anayetazama. Upana wa kidole kimoja aliuacha praima tupu, upana wa kidole cha pili rangi ya kwanza, kisha ndipo rangi ya mwisho inaendelea. Aliuita shahidi. Alisema siku ukisingiziwa, panda umuulize shahidi wako. Hakumwonyesha mtu yeyote isipokuwa mimi, maana mafundi huibiana hata kikohozi.

Nikapanda. Praima ilikuwepo. Nyekundu, imeshika, hata kucha haiingii. Nikahamisha kigoda mlango wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na mmoja. Yote ina shahidi.

Nilishuka nikamshukuru Mungu kwa sauti, mbele za watu. Kama praima ilipakwa, basi kosa si la rangi. Kosa ni la chuma. Na chuma kililetwa na shemeji.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapoanza kuona aibu kuandika.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye karakana yake. Nilimkuta ameinama, kinyago cha kuchomelea kimemfunika uso. Sikungoja akivue. Nilimwambia amenunua chuma kibovu cha bei ya chini akaniuzia sura ya kizima. Nilimwambia amenichimbia shimo kama ndugu zake wengine, ila wao walinichimbia mchana kweupe. Wateja wawili walikuwepo, wakajifanya wanapima bawaba.

Akavua kinyago taratibu. Alinieleza kwamba chuma ni kilekile cha siku zote, duka lilelile, na kwamba aliacha mafuta yake kama kawaida kwa sababu kusugua na kufuta ni kazi ya wapakaji. Nikamkatiza.

"Kaka yako asingenifanyia hivi."

Huyu mtu aliuguza kaka yake miezi minne. Alimbeba mgongoni kumtoa nje aote jua. Aliponisikia, alitazama chini, akaokota msasa, akasema:

"Shemeji, twende tukaukwangue mlango. Ukishaona, utasema unavyotaka."

Tulikwenda. Alichagua mlango wa chumba cha dawa, akakwangua katikati, usawa wa kifua, pale ambapo mimi sikukagua. Kijivu kikatoka chote kwa mara moja. Chini yake palikuwa na chuma kitupu, kinang'aa, na nilipopitisha kidole kikateleza.

Hapakuwa na nyekundu. Tukakwangua chini, tukakwangua pembeni mwa kitasa. Hapakuwa na nyekundu hata tone. Tukaenda mlango wa pili, hali ileile.

Akanyoosha mkono, yeye ni mrefu, akapapasa ukingo wa juu.

"Na huu wekundu wa huku juu ni wa nini?" akaniuliza. "Mtu kapaka kidole kimoja tu?"

 Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa kama mgonjwa.

Hakujua. Miaka yote hiyo, shemeji yangu hakujua habari ya shahidi. Aliyepaka ule wekundu alijua kwamba mimi nikiitwa, sitakwangua katikati kama mtu yeyote mwenye akili. Nitapanda juu kwanza. Alijua hivyo kwa sababu nilimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikimshikia mkono kwenye brashi.

Nilipokuwa nafundishwa na marehemu niliahidi sitamwambia mtu. Nilimwambia mtu mmoja.

Sasa mkumbuke ile wiki binti yangu alipojifungua kwa shida. Siku tatu sikutoka kitandani pake. Milango nilimwachia mdogo wangu: asugue, afute, apake praima, ailaze, apake kijivu cha kwanza. Niliporudi niliikuta imelazwa uani kwenye magogo, mizuri, imeshika rangi yake. Nilipanda kuitazama? Hata sikuhitaji kupanda, ilikuwa imelala. Nilipita na kutazama kingo za juu, moja moja, nikaona nyekundu. Nikamkumbatia. Kesho yake nilimnunulia viatu. Kisha nikachukua brashi, nikapaka rangi ya mwisho kwa mkono wangu mwenyewe juu ya ule uongo.

Shemeji hakuniuliza ni nani. Nilimwomba radhi, akasema imekwisha. Tulipofika njia panda alisimama.

"Mimi sitaki kumjua," akasema. "Nataka Ijumaa useme si mimi. Basi. Wale wateja wawili uliosema mbele yao pale karakana wameshazunguka mji mzima."

Nikamwahidi. Nilimtaja Mungu nilipoahidi.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu anachambua mchele kwenye sinia. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake. Sikupandisha sauti, maana nikipandisha sauti huwa nalia, na sikutaka alione chozi kabla hajajibu.

"Praima ilikwenda wapi?"

"Praima gani, dada?"

"Usinifanye mtoto."

Akaendelea kuchambua. Aliokota kijiwe, akakiweka kando, akaokota kingine. Halafu vidole vikasimama.

Alisema yote, polepole, bila kunitazama. Siku zile tatu mwenye gereji mmoja alikuwa akihamia nyumba mpya na alitaka geti na milango minne ipakwe haraka. Alikuja kuniulizia mimi, akamkuta yeye. Naye akajibu kwamba fundi ni yeye. Alichukua praima yangu yote akaenda nayo huko, akafanya kazi safi, kila hatua kama nilivyomfundisha. Alijidanganya kwamba atanunua praima nyingine kabla sijarudi. Siku ya tatu akasikia niko njiani, akaipaka milango ya zahanati kijivu juu ya chuma chenye mafuta, jua la saa saba likiwa kichwani.

"Nilibakiza kikombe kimoja tu," akasema.

"Cha nini?"

"Cha wewe."

Nikamwangalia.

"Nilijua utatazama ukingo wa juu, dada. Hutazamagi kwingine."

Nimezika mume. Nimenyang'anywa mbuzi na godoro na watu niliowapikia miaka kumi na nane. Sikuwahi kusikia neno likiniingia kama lile. Kikombe kimoja, kimepimwa, kimewekwa pembeni kwa ajili ya macho yangu.

Nilimuuliza nilimkosea nini. Nilitaraji alie aombe msamaha. Badala yake akainua uso, na uso wake ulikuwa mkavu.

"Geti la shule nani alilisugua? Mimi. Milango ya duka la dawa? Mimi. Miaka sita, dada. Mtu akipita anasema nini? Kazi ya Mama Brashi hiyo. Hata wewe hujawahi kumwambia mteja, huyu hapa ndiye aliyepaka. Nilitaka mlango mmoja tu, mtu akiuliza ni wa nani, aambiwe ni wangu."

 Nilitafuta mara moja tu niliyomtaja mbele ya mteja, nikatafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, sikuipata.

Kisha akapiga magoti. Sasa ndipo alipolia. Alisema mwenye gereji amependa kazi, na ndugu yake anajenga nyumba za kupangisha, milango ishirini na zaidi, na wamemwita yeye kwa jina lake. Nikimtaja Ijumaa, habari itamfika mwenye gereji kabla ya adhuhuri. Atarudi kuwa mwanamke mwenye begi moja.

Nilimwambia kwamba shemeji anasubiri nimsafishe jina. Tuko watatu tu katika kazi ile. Nikisema si shemeji, na mimi kila mtu anajua nilikuwa kwa binti yangu, anabaki nani?

Alikuwa ameshalifikiria. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Shemeji ni mwanamume na ana mashine yake," akasema. "Akisemwa leo, kesho yuko kazini."

Mama yetu alipokuwa anakata roho alichukua mkono wa huyu mtoto akauweka juu ya wangu. Hakusema kitu, hakuweza. Aliubonyeza tu. Mdogo wangu hakulitaja hilo. Hakuwa na haja.

Ijumaa niliamka mapema nikasali zaidi kuliko kawaida. Nawaambia ukweli, maana nisipowaambia ninyi sijui nitamwambia nani: niliomba nipewe ujasiri, lakini ndani yangu nilikuwa nimeshatulia, na anayeomba ujasiri huku ametulia hivyo anajua mwenyewe alichoamua.

Tulikaa chumba cha chanjo, kwa kuwa ndicho chenye meza ndefu. Msimamizi na miwani yake. Karani wa kuandika. Wazee wawili wa kamati, mmoja alikuwa anasinzia. Upande wetu, mimi katikati, mdogo wangu kushoto, shemeji kulia. Shemeji alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Sijawahi kumwona na shati jeupe tangu mazishi. Kucha zake alikuwa amezisugua mpaka zimekuwa nyekundu. Aliponiona aliniamkia kwa furaha, akanivutia kiti.

Msimamizi alisoma kilichotokea. Alieleza kwamba wamemwita fundi mwingine, akakwangua, akathibitisha hakuna praima na chuma hakikufutwa mafuta. Mzee aliyekuwa macho akasema wao si polisi, hawatamfunga mtu, wanataka jina tu ili wajue wa kumpa milango ya wodi na wa kumnyima.

"Mama," msimamizi akaniambia, "tulikusikiliza kuhusu rangi. Tulikuamini. Sasa tuambie. Ni mkono wa nani?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema kwanza, si shemeji. Maneno mawili. Yalikuwa kwenye ulimi.

Chini ya meza mdogo wangu akaweka mkono wake juu ya wangu. Hakuubonyeza. Aliuweka tu, ulikuwa wa baridi.

Karani alikuwa amenyanyua kalamu. Nje mtoto fulani alikuwa analia kwa sindano. Shemeji alikuwa amegeuka kunitazama, na usoni mwake hapakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa anangoja kama mtu anayengoja chenji yake, anayejua ni haki yake na inakuja.

Nikaufunga mdomo.

Msimamizi akavaa miwani, akaivua. Akaona labda naona haya kumtaja mtu mbele yake, akaamua kunirahisishia.

"Ni sawa, mama. Hatukulazimishi kusema jina. Nikikosea nikatalie." Akaelekeza kidole, kwa upole kabisa, upande wa kulia. "Ni huyu shemeji yako?"

Kukataa kulikuwa kutikisa kichwa tu. Kila siku natikisa kichwa kwa mambo ya kipuuzi, nzi akipita natikisa.

Nilitazama meza. Palikuwa na doa la dawa ya zambarau, nikalitazama lile doa mpaka likawa kubwa kama sahani. Nikasikia kalamu ya karani inaanza kuandika.

Shemeji alingoja mpaka kalamu iliponyamaza. Nilihisi macho yake ubavuni mwa uso wangu, na nilijua nikigeuka nitasema, kwa hiyo sikugeuka. Mdogo wangu akashusha pumzi.

Ndipo shemeji aliposimama. Alifunga kifungo cha juu cha lile shati jeupe, akakirudisha kiti mahali pake kwa mikono miwili ili kisikwaruze sakafu, akainamisha kichwa kidogo kwa wazee wa kamati, akatoka.